Maji Yakikauka Mlangoni mwa Zahanati

Pita leo kwenye zahanati nyingi za vijijini, utaikuta ile ndoo ya mwaka 2020 bado iko juu ya stendi yake ya chuma. Maandishi ya NAWA MIKONO yamefifia, koki imekatika, ndani pamejaa utando wa buibui, na sabuni ilishaondoka siku nyingi. Kinachoniudhi zaidi ya ndoo yenyewe ni jibu unalopewa ukiuliza: hizo zilikuwa za corona, na corona imepita.

Tuangalie kalenda. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba UVIKO-19 si dharura tena. Siku hiyo Kagera walikuwa bado katika vita na Marburg, ugonjwa wa virusi wa jamii moja na Ebola, iliyotangazwa Machi mwaka huohuo na kumalizika Juni, ikiwa imeua watu, mhudumu wa afya akiwemo. Kabla mwaka haujaisha kipindupindu kikaibuka Kanda ya Ziwa na kuvuka hadi mwaka 2024. Januari 2025 Marburg ikarudi Kagera, safari hii Biharamulo. Tena kipindupindu chenyewe ni janga la dunia la saba la ugonjwa huo: lilianzia Indonesia mwaka 1961, likafika Afrika mwaka 1970, na mpaka leo halijaisha. Kwa hiyo ndoo haikuwa ya corona. Ilikuwa ya zahanati, na ilipaswa kuwepo hata kabla ya corona.

Watu wakisikia janga wanafikiria mitungi ya oksijeni na wodi za wagonjwa mahututi. Hivyo ni vya hospitali ya wilaya na ya rufaa, na vina umuhimu wake. Lakini mtu anaanza kuumwa kijijini, na mlango wa kwanza anaobisha ni wa zahanati. Mlango huo usipokuwa na maji yanayotoka, zahanati yenyewe inakuwa mahali pa kuchukulia ugonjwa na kuupeleka nyumbani. Mwaka 2022 WHO na UNICEF walisema wazi kwamba nusu ya vituo vya afya duniani havina huduma za msingi za usafi wa mikono, yaani maji na sabuni au kitakasa mikono pale mgonjwa anapohudumiwa, na maji na sabuni chooni. Hii si aibu ya kijiji kimoja.

Sasa tupige hesabu, maana kamati nyingi za zahanati hununua ndoo bila kupiga hesabu. Mtu akinawa vizuri kwa sabuni, sekunde 40 hadi 60, anatumia kama nusu lita. Ndoo ya lita 20 inatosha watu 40. Siku ya kliniki wanakuja akina mama 60, wengine na bibi wa mtoto, na bado kuna wagonjwa wa kawaida. Saa tatu asubuhi ndoo ni tupu. Waliochelewa, ambao mara nyingi ndio waliotoka vitongoji vya mbali, wanaingia bila kunawa. Ndoo moja haikutosha hata siku ile ilipozinduliwa.

Ukienda kwa viwango vya WHO, kila mgonjwa wa nje anahitaji lita 5 na kila uzazi lita 100. Zahanati inayoona wagonjwa 40 na kuzalisha mama mmoja kwa siku inataka lita 300, yaani ndoo 15. Anayebeba ndoo hizo ni nani? Mahali pengi ni ndugu wa mama aliye kwenye uchungu, anayetumwa kisimani na dumu usiku wa manane. Hili linanikera kuliko yote. Mama anakuja kujifungua, na sharti la kwanza ni aje na maji yake.

Maji ya kudumu kwa zahanati isiyo na bomba yako juu ya paa lake. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 8 kwa 12 ni mita za mraba 96. Ukitoa yanayopotea, unabaki na lita 75 hivi kwa kila milimita. Mvua ya milimita 20 inakupa lita 1,500 kwa mkupuo mmoja. Simtanki la lita 5,000 linajaa mvua ikifika milimita 65 hivi. Nakubali kwamba kwa matumizi ya lita 300 kwa siku, tangi hilo linakwenda siku 16 tu, na kiangazi chetu ni kirefu kuliko hapo. Matangi mawili ya lita 10,000 yanasogea miezi miwili. Baada ya hapo ni kisima au boza, na fedha ya boza iwekwe kwenye bajeti mapema badala ya kuombwa siku tangi limekauka.

Matangi haya hufa kwa sababu zilezile kila mahali. Lita 5,000 ni tani 5, kwa hiyo msingi wa udongo unatitia upande mmoja, tangi linainama na kupasuka pale bomba linapoingilia. Jenga msingi wa mawe na zege, uwe mpana kuliko kitako cha tangi. Gata zinajaa majani ya mwembe na hakuna anayepanda kuzisafisha kabla ya vuli. Mdomo wa tangi unaachwa bila wavu, mbu wanazaliana humo, na zahanati inafuga malaria uani kwake. Bomba la kutolea maji linawekwa chini kabisa, linanyonya tope; lipandishe sentimita 5 hadi 10 kutoka kwenye sakafu ya tangi. Na mvua ya kwanza baada ya kiangazi isiingie ndani, kwa sababu inaosha vumbi na kinyesi cha ndege. Geuza bomba pembeni kwa dakika za mwanzo mpaka yatoke maji meupe. Maji hayo ni ya kunawa, kufulia na kudekia. Ya kumezea dawa yachemshwe au yatiwe dawa ya kutibu maji.

Wakati tangi linasubiriwa, kibuyu chirizi, yaani dumu la kunawia linaloinamishwa kwa mguu, kijengwe leo. Chimbia nguzo mbili zenye panda, nusu mita kwenda chini. Chukua dumu la lita 5, toboa tundu dogo kwa msumari wa moto sentimita 12 hivi chini ya mdomo. Pitisha fimbo kwenye mpini wa dumu na uilaze juu ya panda. Toboa mfuniko, pitisha kamba, piga fundo kwa ndani, ncha ya pili ifunge kwenye kijiti kilichoegemea ardhini. Ukikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanachirizika, ukiachia, linarudi. Mkono haugusi kitu, ambapo kwenye koki ya ndoo kila aliyenawa anaishika tena kuifunga. Makosa ni matatu: tundu kubwa linalomaliza maji, kamba fupi inayoliacha dumu limeinama muda wote, na kukosa shimo la kokoto chini, hivyo tope likajaa na watu wakapakimbia. Weka kimoja kifupi kwa ajili ya watoto. Na kama una dumu moja tu, liweke chooni kabla ya mlangoni, kwa sababu kipindupindu hutokea huko.

Sabuni huibwa, wanasema. Kipande hubebwa kwa sababu kinabebeka. Changanya gramu 30 za sabuni ya unga kwenye lita moja na nusu ya maji, tia kwenye chupa yenye mfuniko uliotobolewa, ifunge kwa waya kwenye stendi. Hakuna atakayehangaika nayo, na inatakatisha mikono sawa na kipande. Kitakasa mikono kibaki chumba cha muuguzi. Mikono iliyotoka shambani na udongo haisafishwi na spiriti.

Kuhusu klorini nitakuwa mkali, kwa sababu hapa watu wanaumizwa. Kipimo cha kizibo kimoja si kipimo mpaka ujue ni kizibo cha nini na dawa ina nguvu gani. Klorini ya maji ya asilimia 3.5: sehemu moja ya dawa kwa sehemu 6 za maji inakupa asilimia 0.5, ya kupangusia meza, vitanda na sakafu. Klorini ya unga ya asilimia 70: gramu 7 kwa lita moja inakupa nguvu hiyohiyo, na kijiko kimoja cha chakula cha kusawazisha kwenye ndoo ya lita 20 kinakupa kama asilimia 0.05. Hiyo hafifu ndiyo pekee inayoruhusiwa kugusa mikono, tena pale sabuni inapokosekana. Kali haiguswi bila glavu.

Anza kwa kuosha uchafu kwa sabuni, suuza, ndipo upake klorini na uiache dakika 10. Ukiimwaga juu ya damu au matapishi, uchafu ndio unaimaliza nguvu na kijidudu kinabaki. Usichanganye na sabuni wala dawa nyingine ya choo, mvuke wake ni sumu. Tengeneza mpya kila siku, kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko, mbali na jua. Na kumpulizia binadamu klorini, kama ilivyofanyika sehemu nyingi mwaka 2020, kusirudiwe kamwe. Inaunguza macho na mapafu, na virusi vilivyo ndani ya mwili haivigusi.

Baada ya maji ni foleni. Toeni mabenchi nje chini ya mti, na ndani fungueni madirisha yanayotazamana, pazia lipandishwe. Muuguzi au mhudumu asimame mlangoni aulize mambo matatu tu: homa, kikohozi, kuhara. Hapa ndipo zahanati nyingi zilikosea wakati wa UVIKO. Aliyesema anakohoa alitengwa pembeni, akasahaulika mpaka foleni yote iishe. Kesho yake kijiji kizima kikajua kwamba ukikohoa unachelewa, na watu wakaanza kukibana kikohozi mpaka waingie kwa daktari. Dawa yake haihitaji fedha: anayekohoa au kuharisha atengwe, lakini ahudumiwe kwanza. Akijua hivyo atasema mwenyewe kabla hujamuuliza. Kiti chake kiwe mahali muuguzi anamwona, na anayeharisha aanze kunywa ORS, dawa ya kurudisha maji mwilini, hapohapo wakati anasubiri, pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, sio mpaka jina lake liitwe.

Kujifukiza nyungu sina ugomvi nako sana, mvuke unafungua pua. Ila familia nzima kujifunika blanketi moja na mgonjwa ni kugawana ugonjwa, na sufuria ya maji ya moto imeunguza watoto.

Kliniki ya watoto isifungwe kwa kisingizio cha janga. Kongo Mashariki, Ebola ya 2018 hadi 2020 iliua zaidi ya watu 2,200, na katika miaka hiyohiyo surua iliua zaidi ya 6,000 nchini humo, wengi wao watoto. Chanjo ya surua ya miezi 9 na ya miezi 18 haisubiri. Wagawanyeni akina mama kwa vitongoji, siku tofauti, na wenye dawa za muda mrefu wapewe za miezi mitatu wasijazane dirishani.

Wahudumu wa afya ngazi ya jamii ndio macho ya zahanati, na wapewe vocha ya simu walau ya kutoa taarifa.

Najua nitaambiwa hakuna fedha. Kiasi ni kweli: zinakuja kidogo na zinachelewa, na mganga mfawidhi anayejaza fomu, kutibu, kuzalisha na kutunza stoo peke yake hastahili kulaumiwa kwa koki. Lakini tangu mwaka wa fedha 2017/18, fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati, na kamati ya usimamizi ndiyo inayopanga. Wajumbe wake ni majirani zetu, tuliwachagua wenyewe. Waulizeni kwa heshima, mkutano mkuu wa kijiji ujao, katika mpango wa mwaka huu mstari wa maji uko ukurasa gani. Kama haupo, uandikwe hapohapo: koki za akiba na mipira yake, sabuni ya unga, usafishaji wa gata kabla ya vuli na kabla ya masika, boza la kiangazi.

Na uandikwe jina la mtu. Tangi la wote halijazwi na mtu. Mmoja ajaze ndoo saa moja asubuhi kabla mlango haujafunguliwa, mwingine aikague saa nne na saa saba, na ubandikwe ukutani mwa mapokezi ubao wenye tarehe na sahihi zao, mahali ambapo mgonjwa anausoma akiwa kwenye foleni. Ufunguo wa koki ya tangi ukae zahanati kwa muuguzi wa zamu, Jumapili na sikukuu pia. Usikae mfukoni mwa mtu anayelala kijiji cha pili.