Uungwana unaogharimu pointi

Hapa Mtwara, ukiomba kibanda umiza kibadilishe chaneli ili uangalie tenisi, umetafuta ugomvi. Huku ni mpira wa miguu tu: sisi tuna uwanja wetu wa Nangwanda Sijaona na hadithi za timu ya Ndanda, majirani zetu wa Lindi wana Namungo yao kule Ruangwa. Tenisi tunaiangalia wachache, kwenye simu, bando likiruhusu. Na kila tukiusifia ustaarabu wake tunajibiwa yaleyale: "Wale wana hela, kaka. Adabu haiwagharimu kitu."

Hoja hiyo si ya kubeza. Sehemu kubwa ya adabu ya tenisi inalindwa na kanuni. Ukikosa nidhamu unapewa onyo, ukirudia unanyang'anywa pointi, kisha gemu nzima (pointi kadhaa hufanya gemu, gemu kadhaa hufanya seti). Serena Williams alizipanda ngazi zote tatu katika fainali ya US Open 2018. Mwaka 2020, kwenye mashindano hayohayo, Novak Djokovic alitolewa kwa kuupiga mpira kwa hasira ukampata mwamuzi wa mstari kooni, ingawa hakukusudia. Mtu anayeyajua hayo atajizuia hata kama ndani anachemka. Hata kule kupeana mikono wavuni ni desturi. Wapo wanaotoa mkono huku macho yako kwingine. Ukiniambia hiyo ni heshima ya kushurutishwa, sibishi.

Ila kuna ya mashindano ya Roma, 2005. Andy Roddick amebakiza pointi moja ashinde. Mpinzani wake, Fernando Verdasco, anaanzisha mpira wake wa pili, nafasi ya mwisho baada ya kukosea wa kwanza, mwamuzi wa mstari anaita nje, na kwa maana hiyo mechi imekwisha. Roddick anakataa. Uwanja ule ni wa udongo, mpira ukidunda unaacha alama, na alama inaonyesha mpira uligusa mstari. Pointi akapewa Verdasco, na mwishowe Verdasco ndiye aliyeshinda mechi. Hakuna faini ambayo Roddick angetozwa kwa kunyamaza.

Wapo watakaosema Roddick alikuwa nyota, angeumia nini? Sawa, mchukue Tim Smyczek, kwenye Australian Open kule Melbourne, 2015. Huyu hata kwenye mia bora duniani hakuwamo. Amefika seti ya tano na Rafael Nadal, Nadal anaongoza 6-5 na 30-0, yaani amebakiza pointi mbili ashinde, shabiki anapiga kelele Nadal akianzisha, mpira unatoka. Smyczek akamwambia arudie mpira wa kwanza. Nadal akashinda. Wengine wanauita ujinga, na ninawaelewa: ushindi ule ungembadilishia mwaka mzima. Lakini hapo ile hoja ya "wana hela" inakwama.

Nikiwa mkweli, kuwalinganisha hawa na wachezaji wetu wa mpira ni kuwaonea. Mcheza tenisi akikiri, anayepoteza ni yeye peke yake. Mshambuliaji akimwambia refa "nimejiangusha, futa penalti", anawapotezea wenzake kumi, kocha, na jukwaa zima litakalomsubiri nje ya geti. Hasara ya wengine si yako kuitoa sadaka. Sijui kama ningekuwa na ujasiri huo Nangwanda.

Sasa mashine zinaingia. Wimbledon iliwaondoa waamuzi wa mistari mwaka 2025, kamera ndizo zinazoita. Wakulima wa korosho wataelewa haraka: mizani ikiwa ya kuaminika, huulizi tena kama karani ni mwaminifu. Mimi naunga mkono, maana akina Roddick ni wachache na mchezaji hapaswi kutegemea bahati ya kukutana na mmoja wao. Tunachopoteza ni zile nafasi za kumjua mtu ni wa namna gani.

Hazijaisha zote. Kwenye Roland Garros, mashindano ya Ufaransa, 2025 hiyohiyo, Carlos Alcaraz alirusha raketi kuufuata mpira wa Ben Shelton, ukagonga na kurudi upande wa pili kwa ustadi, uwanja ukalipuka. Yeye mwenyewe akamfuata mwamuzi na kusema raketi ilikuwa imeshatoka mkononi, kwa hiyo pointi si yake. Mtu wa kibanda umiza atanikumbusha kwamba alikuwa ameshachukua seti ya kwanza. Kweli kabisa, na ningependa kumwona akifanya hivyo akiwa nyuma seti mbili.