"He" ya wote, "they" ya mmoja: Kiingereza na suala la lugha jumuishi

Tarehe 20 Mei 1867, John Stuart Mill, mwanafalsafa aliyekuwa pia mbunge wa Westminster, alisimama katika Bunge la Uingereza akapendekeza badiliko la neno moja. Katika muswada wa kupanua haki ya kupiga kura, alitaka "man" (mwanamume) liondolewe na mahali pake pawekwe "person" (mtu). Wabunge 73 walimuunga mkono, 196 wakampinga, na sheria ikapita na "man" yake. Lakini tangu 1850 Uingereza ilikuwa na sheria nyingine, iliyoeleza kwamba maneno ya jinsia ya kiume katika sheria za Bunge yatahesabiwa kuwa yanawahusu na wanawake, isipokuwa pale itakaposemwa vinginevyo. Kwa kuitegemea sheria hiyo, wanawake zaidi ya 5,000 wa Manchester walidai waandikishwe kuwa wapiga kura. Shauri lao, Chorlton dhidi ya Lings, liliamuliwa mwaka 1868, nao wakashindwa: majaji walisema kwamba katika suala la kura "man" haliwahusu wanawake.

Kesi hiyo inafaa kukumbukwa kila mara mjadala wa lugha jumuishi, yaani lugha isiyomwacha mtu nje kwa sababu ya jinsia yake, unapoelezwa kuwa ni mtindo wa juzi uliozuliwa na wasomi wa Marekani. Hoja kuu ya wanaotetea matumizi ya zamani ni kwamba "he" na "man", vikitumika kwa jumla, vina maana ya binadamu yeyote, kwa hiyo hakuna anayeachwa nje. Kama kanuni ya sarufi, hoja hiyo ina uzito, kwa kuwa lugha nyingi zina maneno ambayo maana yake pana imeikalia maana yake finyu. Tatizo ni namna kanuni yenyewe ilivyotumika. Mwanamke wa Manchester aliyekuwa na mali alihesabiwa ndani ya "he" pale alipodaiwa kodi au aliposhtakiwa kwa kosa la jinai, akatolewa nje pale alipodai haki. Neno ambalo upana wake hupimwa upya na mwenye mamlaka, kila linapohusu maslahi yake, haliwezi kusemwa kuwa ni la wote.

Ushahidi hauko mahakamani tu. Mwaka 1973 wanasaikolojia wa Marekani Sandra Bem na Daryl Bem walichapisha utafiti kuhusu matangazo ya kazi katika kampuni ya simu. Wanafunzi wa kike waliokuwa wakikaribia kumaliza sekondari walisoma matangazo ya kazi za ufundi zilizozoeleka kuwa za wanaume. Tangazo lilipoandikwa kwa lugha ya kiume, ikiwemo "lineman" (fundi wa kiume wa nyaya za simu), takriban 5 kati ya 100 walivutiwa. Lilipoandikwa bila kutaja jinsia, walifika 25. Na lilipowalenga wanawake waziwazi, walifika 45. Naliona tokeo la mwisho kuwa zito kuliko yote, kwa sababu linaonyesha kwamba kuficha jinsia kulisaidia, lakini kumtaja aliyesahauliwa kulisaidia zaidi. Watetezi wengi wa lugha jumuishi hulipita jambo hili haraka.

Upande wa pili una hoja zinazostahili kusikilizwa. Ya kwanza ni kwamba lugha haipokei kila neno inalotengenezewa. Katika karne ya 19 Mmarekani Charles Converse alibuni kiwakilishi "thon" ili kitumike badala ya "he" na "she". Kiliingia katika kamusi kubwa ya Merriam-Webster ya 1934, na toleo la 1961 likakiacha kwa kuwa watu hawakukitumia. Kilichofaulu ni "they" ya mtu mmoja, yaani kiwakilishi cha wengi kinachotumika kwa mtu mmoja bila kutaja jinsia yake, ambayo haikubuniwa na kamati yoyote. Imo katika maandishi ya Kiingereza tangu karne ya 14, na Shakespeare na Jane Austen waliitumia. Mwongozo wa uandishi wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, unaofuatwa hata na wanafunzi wengi wa vyuo vya Afrika Mashariki, uliiidhinisha katika toleo lake la 2019.

Hoja ya pili ni ya uwazi, nayo ni ya kweli. Sentensi "the doctor told the patients they must leave" humwacha msomaji akijiuliza ni nani anayeondoka, daktari au wagonjwa. Lakini kasoro hiyo ipo vilevile katika "he" pale panapotajwa wanaume wawili, na tiba yake ni moja: mwandishi arudie nomino au aipange sentensi upya. Tangu 2007 serikali ya Uingereza imeelekeza miswada yake iandikwe bila kutegemea viwakilishi vya kiume, na sheria zinaendelea kusomeka.

Hoja ya tatu ndiyo inayonizuia kushangilia kupita kiasi: kubadili viwakilishi si kubadili hali za watu. Sisi wasemaji wa Kiswahili tuna ushahidi huo nyumbani. Samia Suluhu Hassan alipoapishwa kuwa Rais wa Tanzania mwaka 2021, hakuna kifungu cha Katiba ya Kiswahili kilichohitaji kugeuzwa kiwakilishi ili kimhusu. Hata hivyo, sarufi hiyo isiyobagua ilikuwapo miaka yote ambayo nchi iliongozwa na wanaume pekee. Kenya nako, Katiba ya 2010 inatumia "chairperson" na kuweka sharti kwamba katika vyombo vya kuchaguliwa jinsia moja isizidi theluthi mbili. Bado mwaka 2020 Jaji Mkuu David Maraga alimshauri Rais avunje Bunge kwa kushindwa kulitekeleza sharti hilo.

Mvutano mkali wa leo uko hospitalini. Baadhi ya taasisi za Uingereza na Marekani zimeanza kuandika "pregnant people" (watu wajawazito) au "people with a cervix" (watu wenye shingo ya kizazi), ili wasiachwe wale wenye maumbile hayo ambao hawajitambui kuwa wanawake. Nia ni njema, na watu hao wanahitaji huduma kama wengine. Lakini mfikirie mama mkimbizi kutoka Kongo au Burundi, anayeishi Uingereza na kusoma Kiingereza kwa shida. Neno "women" analijua tangu wiki zake za kwanza darasani. "Cervix" huenda hajawahi kulisikia, na tangazo la uchunguzi wa saratani ya shingo ya kizazi lisilotaja wanawake linaweza kumpita bila yeye kujua kwamba linamhusu. Maneno yaliyokusudiwa kumwingiza mtu mmoja yatakuwa yamemtoa mwingine, naye ni yule mwenye nafasi ndogo zaidi ya kulalamika.

Mwaka 2021 hospitali za Brighton na Sussex zilichagua njia ya kuongeza badala ya kufuta: "women" likabaki na "people" likawekwa kando yake. Wapo waliokasirika kwa kuongezwa chochote, na wapo walioona hilo halitoshi. Kwangu hiyo ndiyo njia iliyo karibu zaidi na haki, na inaafikiana na kile utafiti wa 1973 ulichoonyesha kuhusu nguvu ya kumtaja mtu waziwazi. Sentensi hurefuka kidogo, lakini tangazo la afya halipimwi kwa ufupi wake. Na barua ya kumwita mgonjwa mmoja kliniki haihitaji mgogoro wowote kati ya hiyo, kwa sababu jina lake liko juu ya ukurasa na "you" ya Kiingereza haijawahi kuuliza jinsia ya mtu.