Pauni 103 za mwenzangu wa shifti ya usiku

Wiki iliyopita, tukikabidhi shifti kwa wenzetu wa mchana, dada mmoja wa Mombasa ninayelea naye wazee hapa Leicester, Uingereza, alinivuta pembeni, kwenye chumba cha kufulia, akanipa barua. "Hebu nisomee, dadangu, huenda mimi ndiye sielewi." Alikuwa ameelewa vizuri. Barua ilisema kuanzia Aprili 2026 ameondolewa kwenye ule mpango wa kupunguziwa mshahara ili mchango wa pensheni upitie kwa mwajiri, maana mshahara wake uko karibu mno na kima cha chini.

Sisi wa usiku mpango huo, kwa Kiingereza salary sacrifice, tunauita kujinyima. Unakubali mkataba wako ubadilishwe, mshahara ushuke kwa kiasi cha mchango wako, na mwajiri akipeleke kiasi hicho pensheni kama mchango wake yeye. Kwa kuwa fedha hiyo haikuwahi kuwa mshahara wako, haikatwi Bima ya Taifa, yale makato ya lazima ya mshahara yaliyo mbali na kodi. Mfanyakazi anaokoa asilimia 8 ya kile alichojinyima. Mwajiri naye anaokoa asilimia 15, na wengi wanabaki nayo yote.

Mwaka jana mwenzangu alikuwa akilipwa pauni 13 kwa saa. Mchango wetu ni asilimia 5 ya mshahara wote, kwa hiyo baada ya kujinyima alibaki na pauni 12.35, na kima cha chini kilikuwa 12.21. Akapita, maana sheria inataka mshahara unaobaki baada ya kujinyima usishuke chini ya kima. Mwaka huu kima kimepanda hadi 12.71. Yeye ameongezewa peni 20, sasa ni 13.20. Toa asilimia 5, inabaki 12.54. Hapiti. Ili apite anahitaji pauni 13.38 kwa saa, na sijui nyumba ya wazee mjini hapa itakayompa mtu wa usiku kiasi hicho mwaka huu.

Nilikaa naye jikoni tukapiga hesabu nyuma ya bahasha. Kwa saa 37 na nusu kwa wiki, peni 20 ni pauni 390 kwa mwaka. Toa kodi na Bima ya Taifa, zinabaki kama 281. Kutolewa kwenye mpango kunamgharimu pauni 103 kila mwaka. Zaidi ya theluthi ya nyongeza yake imeondoka kabla hajaigusa, na imeondoka kwa sababu ya sheria iliyotungwa kumlinda yeye.

Meneja wa mahali fulani mwenye mshahara wa pauni 45,000 akijinyima asilimia 5 ileile anaokoa pauni 180, na hakuna anayemwandikia barua. Huyo simlaumu. Kachukua alichopewa.

Kinachoniuma zaidi ni hiki, na naomba mnivumilie nikieleze polepole, kwa sababu nimekieleza mara tatu kazini na kila mara mtu ananiambia haiwezekani. Mwenzangu bado anachanga asilimia 5. Hajaacha. Sasa mchango unakatwa kwa njia ya kawaida, baada ya mshahara kuandikwa kwenye hati. Ukiondoa asilimia hiyo, anabaki na kitu gani kwa saa? Pauni 12.54, ileile kabisa. Na sheria ya kima cha chini hailalamiki, kwa sababu makato ya mchango wa mfanyakazi kwenda pensheni hayahesabiwi kuwa yamepunguza mshahara. Alilipwa 13.20, akachanga mwenyewe, basi. Lakini fedha hiyohiyo ikipitia kwenye mkataba, sheria inasema mshahara wake ni 12.54 na mwajiri amevunja sheria, hata kama mfanyakazi mwenyewe alisaini na kuomba.

Kwa hiyo mkononi mwake kinachobaki hakilindwi. Akichanga kwa njia ya kawaida anabaki chini ya 12.71 na hakuna anayejali. Anachozuiwa ni ile njia moja tu yenye nafuu. Nafuu ya kodi ya asilimia 20 bado anaipata, sawa, lakini ile ya Bima ya Taifa imefungwa kwa anayelipwa kidogo na imeachwa wazi kwa anayelipwa vizuri. Nimetafuta namna ya kulielewa jambo hili kwa wema, sijaipata.

Najua jibu litakalokuja, na nalikubali nusu. Ukuta huu wa kima cha chini una sababu. Kima cha chini kilianza hapa Aprili 1999, pauni 3.60 kwa saa, na tangu hapo wapo waajiri wanaotafuta tundu la kukipitia. Mimi mwenyewe, mwajiri wangu wa kwanza nchini hapa alinikata fedha ya sare, na muda wa kutembea kutoka nyumba ya mzee mmoja hadi ya mwingine hakuulipa. Nilikuwa mgeni, nikanyamaza. Mtu kama yule ukimruhusu kushusha mshahara chini ya kima kwa "ridhaa" ya mfanyakazi, kesho asubuhi atawapangia foleni ya kusaini. Ridhaa ina uzito gani kama anayekuomba ndiye anayepanga nani apate shifti wiki ijayo? Tena mshahara ukishuka kwenye mkataba, malipo ya uzazi yanaweza kushuka nao. Kwa hiyo sisemi ukuta ubomolewe. Ubaki.

Ninachosema ni kwamba nafuu ya Bima ya Taifa haikupaswa kuwekwa upande mmoja wa ukuta. Mchango wa pensheni ni mchango wa pensheni. Apewe nafuu ileile yule anayekatwa kwa njia ya kawaida, au arudishiwe mwisho wa mwaka. Msiniambie mitambo haiwezi. Kulikuwa na watu wanaopata chini ya pauni 12,570 kwa mwaka, kiwango ambacho kodi ya mapato huanzia, ambao, kwa sababu tu mfuko wao ulikata mchango kabla ya kodi, hawakupata nafuu yoyote, wakati jirani zao wenye mshahara uleule kwenye mfuko mwingine walipata. Walilia miaka. Hatimaye serikali ikakubali kuwarudishia kwa michango ya kuanzia mwaka wa kodi wa 2024/25. Kama lile lilirekebishika, hili nalo linarekebishika.

Novemba 2025 waziri wa fedha, Rachel Reeves, alitangaza kuwa kuanzia Aprili 2029 nafuu hii itaishia kwenye pauni 2,000 za kwanza kwa mwaka. Watu wa mishahara mikubwa wakapiga kelele magazetini wiki nzima. Mimi sina ugomvi na kikomo hicho. Lakini dari limeshushwa na mlango wa chini umebaki umefungwa, na katika kelele zote zile sikusoma mtu akimtaja mlezi wa wazee wa pauni 13.20.

Labda nalichukulia kwa uchungu kwa sababu ya nyumbani. Baba yangu ni mwalimu mstaafu Tanzania, na tangu kikokotoo kipya, yaani kanuni ya kupigia hesabu ya mafao, kilipoanza Julai 2022, mkupuo anaolipwa mtu siku ya kustaafu ukawa asilimia 33, kila nikipiga simu mazungumzo yanaishia kwenye mafao ya wenzake waliostaafu baada yake. Nilikulia katika nyumba ambayo pensheni huzungumzwa mezani kama ugonjwa wa mtu wa familia. Pauni 103 kwa mwaka, kwa miaka 20 anayotarajia kufanya kazi bado, ni zaidi ya pauni 2,000 kabla hata hazijazaa chochote. Kwa mwanamke anayewageuza wazee kitandani saa tisa za usiku mpaka mgongo wake mwenyewe unakataa, hizo ni fedha nyingi.

Siku ile jikoni aliniuliza kama ajitoe pensheni kabisa, achukue fedha yake yote mkononi. Nilimshika mkono. Akijitoa anapoteza na mchango wa mwajiri, ile asilimia 3, na hiyo hawezi kuirudisha kwa kulalamika. "Usitoke, dada. Hata kwa hasira, usitoke." Akakubali, ila hakunitazama.

Juzi nimemwandikia mbunge wa eneo letu, nimeambatanisha hesabu ya ile bahasha iliyopigwa chapa upya, bila jina la mtu. Kama uko Uingereza, unalipwa kati ya 12.71 na 13.38, na umepata barua kama ile, mwandikie wa kwako pia. Weka saa zako, mshahara wako kwa saa, na asilimia unayochanga. Hesabu ni fupi, inaenea kwenye nusu ukurasa.