Kostiki Ilikula Kila Kitu, Ikaacha Mafuta

Fundi wangu wa Ngamiani, jijini Tanga, aliomba shilingi 10,000 za kuosha vipuri, nami nikamjibu kwamba kuosha si ufundi. Corolla langu lilikuwa limevuja oili kwenye gasketi, ule utepe unaoziba mwanya chini ya tapeti kava, yaani kifuniko cha juu ya injini, kwa muda mrefu sana, hata injini nzima ikawa imevaa koti jeusi la oili, grisi na vumbi, na fundi alikuwa ameniambia waziwazi kwamba gasketi mpya haiwezi kukaa juu ya uchafu ule. Nikafunga tapeti kava, sampu (lile bakuli la oili la chini ya injini) na boliti zake zote ndani ya kiroba, nikapanda bodaboda kurudi nyumbani, huku oili ikinichuruzika kwenye suruali ninayovalia shuleni.

Sikuondoka pale bila mpango. Mke wangu hutengeneza sabuni za miche kwa mafuta ya nazi, na kwa miaka mingi nimemwona akichanganya mafuta hayo na maji ya kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, kisha kesho yake mafuta hayapo tena, ipo sabuni. Mimi ni mwalimu wa Jiografia, lakini hesabu hii niliiona kuwa nyepesi: ikiwa kostiki hugeuza mafuta kuwa sabuni, basi oili iliyoganda kwenye vipuri itageuka sabuni papo hapo ilipo, na sabuni hiyo itaviosha vipuri vyenyewe bila mtu kushika brashi. Nilistaajabu kwamba mafundi wa mji mzima wanahangaika na mafuta ya taa wakati jambo lenyewe ni jepesi kiasi hiki.

Mke wangu alikuwa amekwenda kwenye matayarisho ya maulidi, jambo ambalo wakati ule nililihesabu kuwa bahati. Kwenye kibanda chake nilikuta kostiki ya kutosha, na pembeni ndoo ya plastiki anayochanganyia siku zote. Ndoo hiyo ilikuwa ndogo kwa sampu. Tena nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba mwenzangu hutumia plastiki kwa kubana matumizi tu, ili asichafue vyombo vya jikoni. Kwa kuwa mimi si mtu wa kubana matumizi ya wengine, nikachukua sufuria kubwa la alumini lililokuwa limeegemezwa ukutani, lile ambalo kikundi chao cha akina mama hupikia pilau za shughuli, na ambalo lilikuwa nyumbani kwetu kwa sababu mke wangu ndiye mtunza vyombo.

Nilitia maji lita 6 kwanza, kisha kostiki kilo nzima kidogo kidogo, kwa maana hilo angalau nilikuwa nimelishika: kostiki ndiyo humwagwa ndani ya maji, wala si maji kumwagwa juu ya kostiki, la sivyo mchanganyiko hukurukia usoni. Maji yakapata moto yenyewe bila jiko. Nikazamisha tapeti kava, sampu ikafuata, boliti mwisho, na hapo hapo sufuria zima likaanza kutoa mapovu kwa sauti kama ya samaki anayekaangwa. Nilifurahi mno. Nilimwita binti yangu, aliyekuwa akichochea maharage kwenye jiko la mkaa hatua tatu kutoka pale, aje aone jinsi uchafu unavyokimbia.

Binti yangu yuko kidato cha pili. Alilitazama sufuria, akanitazama mimi, kisha badala ya kunipongeza akalibeba jiko la mkaa pamoja na maharage yake akalipeleka nyuma ya nyumba. Aliporudi akaniuliza, kwa adabu yote, tapeti kava ni madini gani. Nikamjibu kuwa ni chuma. Akauliza kwa nini basi ni nyepesi hivyo. Akaendelea kunieleza kwamba kostiki hula alumini na kutoa gesi ya haidrojeni, na kwamba shuleni waliijaribu gesi hiyo kwa kijiti chenye moto ikalia kama fataki, tena yao ilikuwa ndani ya kijineli cha kioo, si ndani ya sufuria la pilau.

Nilimwambia kwamba mambo ya maabara na mambo ya gereji ni vitu viwili tofauti. Kisha nikaingiza mkono nitoe tapeti kava.

Vidole viliteleza kana kwamba nimevipaka sabuni, na kwa kweli ilikuwa sabuni, kwa sababu kostiki hugeuza mafuta ya ngozi vilevile inavyogeuza mafuta ya nazi. Hiyo ndiyo sabuni pekee iliyopatikana siku ile. Oili ya injini hutokana na mafuta ghafi yanayochimbwa ardhini, haina asili moja na nazi wala mawese, na kostiki haikujishughulisha nayo hata kidogo. Ilikuwa imeelea juu, nyeusi, imetulia. Nilikuwa bado nimeweka mkono chini ya bomba, nikihesabu malengelenge, binti yangu aliponiambia kwa upole kwamba sufuria linavuja. Tundu lilikuwa limetoboka kwenye kitako. Kadiri maji yalivyopungua, ile oili iliyoelea nayo ilishuka taratibu, ikavifunika tena vipuri vyote, mpaka ndani ya nyufa ambazo hapo mwanzo zilikuwa safi.

Mke wangu alirudi baada ya magharibi. Hakupiga kelele, na ningependa angepiga. Alichukua upawa, akachota tope jeusi lililobaki, akalinyanyua mbele ya taa.

"Baba watoto, sabuni yako ikiganda uniite nikuuzie."

"Mbona hukuniambia kwamba kostiki haiingii kwenye sufuria?"

"Miaka yote hii umeniona nikitumia ndoo. Ulidhani sina sufuria?"

Nilinyamaza, kwa kuwa hivyo ndivyo nilivyodhani.

Kesho yake fundi aliipokea tapeti kava, akaipitisha kidole pale gasketi inapokaa, palipokuwa pamekuwa peusi na pa vishimo vishimo kama andazi lililoguguniwa na panya. Aliniuliza, "Mwalimu, uliiosha au uliitafuna?" Nyingine ya mtumba ilinigharimu shilingi 45,000, na sufuria la kikundi sitalitajia bei hapa, maana mke wangu husoma ninayoandika. Ile ya mtumba nayo ilikuja na oili yake kutoka ilikotoka. Fundi akamimina mafuta ya taa kwenye karai, akachukua brashi, na katika muda usiozidi robo saa ikawa inang'aa. Nikiwa nimekaa kwenye benchi na mkono wangu uliofungwa kitambaa, nilimuuliza kama naweza kumsaidia.

Alichagua boliti moja, akaipima uzito mkononi, akanikabidhi.

"Hii ni chuma," alisema. "Osha."