Nani Ana Zamu ya Moto?

Riwaya ya William Golding, Lord of the Flies, iliyotoka mwaka 1954, husomwa kama hukumu: waache wavulana peke yao kisiwani, watauana. Golding alifundisha wavulana, na pia alipigana Vita Vikuu vya Pili katika jeshi la majini la Uingereza. Ukatili aliuona mwenyewe, hakusimuliwa.

Wanaompinga wana kisa cha kweli. Mwaka 1965 wanafunzi sita wa Tonga, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, waliiba mashua, dhoruba ikawatupa kisiwa cha ʻAta. Walikaa huko zaidi ya mwaka, hadi nahodha Peter Warner kutoka Australia alipowakuta Septemba 1966, wote hai. Mmoja alivunjika mguu; wenzake waliufunga kwa vijiti ukaunga. Waliogombana walitenganishwa mpaka hasira zipoe.

Je, Golding alikosea? Sidhani. Wale sita walikuwa marafiki tangu kwao. Watoto wa riwayani ni wengi, wengine hawajuani kabisa, na wadogo wa miaka sita wanalia usiku kwa kumwogopa "mnyama".

Ila kuna jambo moja lililo katika visa vyote viwili, nalo ni moto. Kule ʻAta uliwashwa, ukatunzwa kwa zamu, haukuachwa uzimike. Riwayani, Jack, mkuu wa wawindaji, anawachukua wenye zamu ya moto wakawinde nguruwe. Meli inapita, moshi wa kuiita hakuna. Ralph, kiongozi waliyemchagua, anapomkabili, Jack anaomba radhi, na wawindaji wanamwona muungwana kwa kuomba tu! Kisha nyama inachomwa, wote wanakula, hata Ralph aliyekuwa na haki ya kukasirika. Hapo bado hakuna aliyemwinda mwenzake, lakini kwangu utaratibu ulivunjika pale, mwenye kosa alipopata sifa na aliyedai wajibu akaonekana msumbufu. Kifo cha mwenzao Piggy, na lile kombe la baharini walilopuliza kuitia mkutano kupasuka vipande, vimekuja baadaye.

Kwa hiyo siwakubali walimu wanaoitumia riwaya hii kuthibitisha kwamba mtoto huzaliwa na unyama. Ni kuwaonea watoto, na hata Golding mwenyewe hakuwaachia watoto lawama yote. Yule "mnyama" wanayemkimbia mlimani ni maiti ya mtu aliyeshuka kwa parachuti usiku, kutoka kwenye mapigano ya ndege za watu wazima.