Kocha aliyewashikilia majenerali

Kuna watu wakiongea kuhusu wahafidhina wa Marekani utadhani ni mtu mmoja mwenye kichwa kimoja. Mie nikiwasikia nawatajia jina moja tu, Tommy Tuberville, halafu nawauliza 2023 mlikuwa wapi.

Huyu ni seneta wa Alabama kwa chama cha Republican, zamani alikuwa kocha wa futiboli yao ile ya Kimarekani chuo cha Auburn na mpaka leo wengi wanamwita Kocha tu. Jeshini hajawahi kuwa. Sasa Mahakama ya Juu ilipofuta haki ya utoaji mimba Juni 2022, Pentagon, yaani wizara yao ya ulinzi, ikaja na sera kwamba mwanajeshi aliyepangwa kambi iliyo kwenye jimbo lililopiga marufuku anaweza kupewa ruhusa na kurudishiwa nauli akienda jimbo lingine kutafuta huduma. Nauli tu, gharama ya kutoa mimba yenyewe hawalipi. Tuberville akasema hiyo ni kuvunja sheria kwa mlango wa nyuma, na kuanzia Februari 2023 akazuia maafisa wote wa ngazi za juu wasipandishwe vyeo mpaka sera ifutwe.

Mtu mmoja anawezaje? Anaweza bana. Vyeo vya jeshi Seneti huwa inavipitisha kwa mkupuo, mamia kwa wakati mmoja na hakuna anayesema kitu, ila akitokea hata mmoja akapinga basi inabidi waletwe mmoja mmoja na kila mmoja apigiwe kura yake, na kwa idadi ile ingekula miezi. Yeye mwenyewe alikuwa anajitetea hivyo hivyo, kwamba sijamzuia mtu, leteni majina tupige kura. Kisheria hakukosea. Lakini alijua hesabu.

Ilipofika Agosti, Jeshi la Nchi Kavu, Jeshi la Majini na Marines (kikosi chao cha kushambulia kutoka baharini) wote hawana mkuu aliyethibitishwa, wapo makaimu. Na kukaimu sisi tunakujua vizuri, mwalimu mkuu akistaafu anawekwa kaimu, anakaa mwaka mzima, anasaini karatasi za kila siku lakini jambo kubwa haligusi kwa sababu hajui kesho ataamka nani. Tuberville alisema kazi inaendelea kwahiyo utayari wa jeshi haujaguswa, na nakiri hoja hiyo si ya kijinga, meli zilikuwa baharini na ndege zilikuwa zinaruka. Ila utayari si meli tu. Ni yule kanali aliyeambiwa anahamia kituo kipya, watoto hajui awaandikishe shule gani, mke ameshaacha kazi, nyumba ameshaikabidhi. Watu wa aina hiyo ukiwachosha wanaondoka, na huwezi kumtoa jenerali mwenye uzoefu wa miaka 30 gazetini kwa tangazo. Na hapo jeshi lenyewe lilikuwa halina vijana, mwaka wa fedha 2022 la Nchi Kavu lilikosa lengo lake la kuandikisha kwa watu kama 15,000.

Halafu Oktoba 29, Jenerali Eric Smith, mkuu wa Marines, moyo wake ukasimama ghafla. Alikuwa amethibitishwa mwezi mmoja tu nyuma lakini msaidizi wake bado amekwama kwenye foleni ya Tuberville, kwahiyo mzee alikuwa anabeba kazi mbili. Sisemi kilichomuangusha ni Tuberville, moyo una mambo yake. Ila alipoanguka ikabidi atafutwe luteni jenerali mwingine ashike usukani, kwa sababu yule wa kumrithi kwa utaratibu hakuwepo kitini.

Siku tatu baadaye ndio Warepublican wenyewe wakamgeuka mwenzao. Novemba 1 Dan Sullivan wa Alaska, Joni Ernst wa Iowa na Lindsey Graham wa South Carolina walisimama Seneti masaa kadhaa mpaka usiku, wanasoma jina moja baada ya jingine, zaidi ya 60, na kila jina Tuberville anainuka anasema napinga. Angalia sasa hao waliosimama ni kina nani. Sullivan wakati huo kanali wa akiba wa Marines, Ernst luteni kanali mstaafu wa National Guard, lile jeshi la akiba la majimbo, Graham alikuwa mwanasheria wa jeshi la anga. Kwenye mimba wote watatu wako upande mmoja na Tuberville kabisa! Kwahiyo ule haukuwa ugomvi wa mimba hata kidogo. Ulikuwa ugomvi wa nani jeshi ni lake. Kuna uhafidhina wa zamani, wa enzi za Reagan, rais wao wa miaka ya 80, kwake jeshi ndio kitu cha mwisho kuchezewa, na kuna huu mpya unaoona majenerali wenyewe wameshatekwa na siasa za upande wa pili, hivyo ukiwabana hujaharibu kitu. Na huko mitaani kwa wapiga kura wao Tuberville ndiye aliyekuwa anapigiwa makofi.

Mimi nasimama na akina Sullivan. Ila walichelewa mno, miezi tisa mtu amekaa kwenye bomba la maji ndio unakumbuka nyumba ina kiu? Tuberville aliachia maafisa zaidi ya 400 Desemba 5, wale wa nyota nne, cheo cha juu kabisa, akawamalizia kabla ya Krismasi, na sera haikuguswa hata herufi. Ilikuja kufutwa Januari 2025 kwa sababu Trump alishinda uchaguzi, basi, bila jenerali hata mmoja kushikiliwa.

Sisi wa pwani tusione hii ni umbea wa mbali, wana kambi pale Manda Bay, Lamu, ile iliyovamiwa na al-Shabaab Januari 2020 wakafa Wamarekani watatu. Nani anakaa kiti gani kule juu kunatuhusu.

Na kuna kitu bado kinanikera. Admirali Lisa Franchetti alikuwa mmoja wa waliokwama, akathibitishwa kuongoza Jeshi la Majini siku moja tu baada ya usiku ule wa Novemba 1, kura 95 kwa 1. Februari 2025 Trump akamfukuza, siku moja na Jenerali CQ Brown aliyekuwa mkuu wa majeshi yote. Viti viwili vya juu vikabaki na mashimo kwa mpigo. Nikasubiri kuona nani atasimama Seneti mpaka usiku na orodha yake ya utayari wa jeshi. Sikumuona mtu.