Kwani Kubandika Kioo Kuna Nini?

Simu yangu ilianguka Likoni, pale feri inaposhusha lango lake la chuma na umma wote ukatoka mbio kama mbuzi waliofunguliwa zizini. Kuvuka kwa miguu ni bure, lakini mimi siku hiyo nililipa. Na kinachoniuma hadi leo ni ile protekta niliyobandikiwa kwa shilingi 200. Haikuwa na hata mkwaruzo! Kioo kilicho chini yake ndicho kilichopasuka utando wa buibui. Sasa ilikuwa ikimkinga nani?

Wiki mbili nikavumilia. Nikiandika ujumbe, kidole gumba kinachanika. Nikapiga selotepu, nikawa nasoma ujumbe wa watu kama mtu achunguliaye dirisha la choo. Mwisho nikamwendea fundi, Mwembe Tayari. Kijana tu, ana taa kichwani kama mvuvi wa usiku. Akaigeuza mara moja.

"Ami, 4,500. Ni skrini nzima hii."

Nikamwambia mbona picha naiona vizuri, kilichovunjika ni kioo. Akanieleza kwamba simu za siku hizi kioo, tachi na picha vimegandishwa pamoja, si rahisi kubandua kimoja ukaacha vingine. Nikamtazama kwa jicho la mtu anayeuziwa samaki saa kumi na mbili jioni. Nikapita duka la pili: skrini ile ile, 3,000 pesa taslimu. Yaani hii 1,500 ni ya kubandika tu? Kwani kubandika kuna nini? Mimi hapa nimebandika vigae vya bafuni kwa mikono yangu. (Kimoja kimeanguka, lakini ni cha pembeni.)

Nikanunua skrini, vibisibisi 450, gundi 250. Faida yangu tayari imebaki 800, ila hesabu hiyo sikuifanya siku ile.

Video niliyoifuata ilikuwa ya dakika nane. Jamaa yuko kwenye chumba baridi, meza nyeupe, mikono haitoki hata jasho. Anasema pasha simu moto kidogo ili gundi ilainike. Haya, nikachukua draya ya mke wangu. Sasa niambieni, nani mwenye akili anawasha draya Mombasa, mwezi wa tatu, saa nane mchana? Na feni siwezi kuwasha, skrubu zenyewe ni ndogo kama mayai ya chawa, zitapeperuka. Nikavua shati, nikaagiza chai na mkate wa ufuta, nikainamia meza.

Mfuniko ukafunguka. Jamaa wa video akasema chomoa waya wa betri kabla ya kugusa chochote, na betri yenyewe usiichokore kwa chuma, ukiitoboa inashika moto. Mke wangu alilisikia hilo tu. Akatoka, akarudi na ndoo ya mchanga wa ujenzi, akasimama mlangoni kimya. Fanya kazi sasa, unatazamwa kama bomu.

Skrubu nilizipanga kwenye kisahani kwa mpangilio wake, maana hazilingani urefu, na ndefu ukiitia tundu la fupi inatoboa mpaka kwenye bodi. Mpangilio ulikuwa mzuri sana. Kisha akaja mwanangu wa miaka minne akauliza, "Baba, hizi ni nini?" na kisahani akakitikisa ili asikie sauti yake.

Nikasema Mungu atajua, nikakaza. Ule utepe mwembamba wa skrini ulikataa kuingia mahali pake, nikausukuma kwa kucha. Ukalia *tii*, kidogo hivi. Sikuupenda mlio ule.

Simu ikawaka! Nikaita watu wote. Rangi safi, kioo kinang'aa. Mke wangu akaweka ndoo chini. Ndipo mama mkwe akapiga.

Kitufe cha kupokea kiko chini ya skrini. Chini pale hapasikii kidole. Nasugua, natelezesha, nafuta jasho, nasugua tena, huku jina lake linanitazama. Akapiga mara sita. Hadi leo anaamini nilimkatia makusudi, na nikimweleza habari ya utepe ananiambia "sawa baba", ile sawa ya kwenda kushtaki. Pesa nazo siwezi kutuma: sifuri iko safu ya chini, na namba yangu ya siri ina sifuri mbili. Haya, sasa nimeitaja.

Siku tatu baadaye, Mwembe Tayari. Nilivaa kofia, lakini kijana alinijua.

"Nani amefungua simu hii?"

"Mtoto wa jirani. Anajifanya fundi."

Akafungua. Akaguna. Akasema utepe umechanika, skrini hiyo ni ya kutupa, mpya ni 4,500 ile ile, na kwamba nina bahati skrubu ndefu imekosa bodi kwa unywele. Kisha akainamisha taa yake, akaingiza kibano pembeni ya betri, akatoa kitu kidogo cheupe, akakiweka kwenye kiganja chake na kunisogezea.

"Ami," akasema, "huyo mtoto anapenda sana mkate wa ufuta, eh?"

Nikalipa bila kuomba kupunguziwa.